Mwenye usonji anaugua nini?

Kila mwaka ifikapo Aprili 2, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mnamo Desemba 2007 ili ulimwengu uhamasishwe kuhusu usonji, vyombo vyetu vya habari hujaa taarifa za watoto "wanaougua usonji" na wazazi wanaolea "waathiriwa wa usonji". Mwezi unapokwisha, taarifa hizo hupungua. Yanayobaki vinywani mwetu ni maneno. Leo nataka kuyapiga darubini maneno hayo, kwa sababu naamini yanawadhuru watu wenye usonji kwa namna ambayo wengi wetu hatujaifikiria.

Hoja yangu ni hii. Tunauita usonji ugonjwa ilhali si ugonjwa. Kisha mwenye usonji anapougua kwa kweli, yaani anapokabwa na wasiwasi au na ile huzuni nzito isiyoisha ambayo wataalamu huiita sonona, hatuuoni ugonjwa huo. Tunasema, "Aa, ni usonji wake tu." Mtu huyu basi anatafutiwa dawa ya asichougua, na anachokiugua hakitafutiwi dawa.

Hebu tuanze na kitenzi chenyewe. Kuugua kuna maana mbili. Maana ya kwanza ni kuwa mgonjwa. Mtu huugua malaria, kifua kikuu au kisukari, akapelekwa hospitalini, nasi tukamwambia, "Ugua pole." Maana ya pili ni kutoa sauti ya maumivu, au kupiga kite. Mama anayejifungua huugua ingawa hana maradhi. Aliyefiwa huugua usiku akidhani wenzake wamelala. Maana hizi mbili hukutana mara kwa mara, lakini si kitu kimoja. Katika suala la usonji tumeing'ang'ania maana ya kwanza mahali isipofaa, na maana ya pili tumeiziba masikio.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu utotoni hadi uzeeni. Huathiri jinsi anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, na jinsi hisi zake zinavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Baadhi ya wenye usonji hawazungumzi kabisa na huhitaji msaada kutwa kucha. Wengine ni walimu, wahandisi na wasanii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Hali hii haiambukizi, wala hakuna dawa ya kuiondoa.

Sasa basi, ukisema mtoto "anaugua usonji", umeahidi kimyakimya kwamba kuna kupona. Mzazi aliyeahidiwa hivyo huanza safari. Leo ni hospitali, kesho ni mganga, wiki ijayo ni maombi ya kukesha, na mwezi ujao ni dawa zinazonadiwa mitandaoni na watu wasiojulikana. Safari hiyo humfilisi. Mtoto naye, hata kama hazungumzi, huona jinsi anavyotazamwa. Anajifunza kwamba vile alivyo ni kosa linalosubiri kurekebishwa. Anayekua na funzo kama hilo ana kila sababu ya kuishi na wasiwasi.

Neno "mwathiriwa" nalo lina matatizo yake. Tuna waathiriwa wa mafuriko, wa moto na wa ulaghai. Hao ni watu waliopatwa na janga kutoka nje. Pakiwa na mwathiriwa, akili humtafuta mwathiri. Nani kamfanyia hivi mtoto huyu? Mwaka 2015, watafiti walioongozwa na Joseph Gona huko Kilifi walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya kuhusu kinachodhaniwa kusababisha usonji. Miongoni mwa majibu waliyopata yalikuwa pepo wabaya, uchawi na laana, sambamba na sababu za kitabibu kama vile matatizo wakati wa kujifungua.

Tusikimbilie kusema kwamba huu ni ujinga wa mashambani. Huko Marekani, ambako Leo Kanner aliwaeleza watoto 11 katika makala yake maarufu ya mwaka 1943, wasomi wenye shahada kubwa walishikilia kwa miaka mingi kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo. Bruno Bettelheim aliieneza dhana hiyo katika kitabu chake cha 1967, The Empty Fortress. Laana ya huku na nadharia ya kule zilimnyoshea kidole mtu yuleyule, yaani mama. Na mama anayesingiziwa hupungukiwa na nguvu anazohitaji mwanawe.

Isitoshe, hili si suala la adabu pekee. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na pia haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni nadra katiba kuingilia mambo ya msamiati, na sisi wa taaluma ya lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kukichangamkia kifungu hicho.

Tuseme nini basi? Kiswahili kina kivumishi cha pekee -enye, nacho kinatufaa sana hapa. Katika Kiingereza kuna mvutano mkali. Wataalamu wengi walifundishwa kumtaja mtu kwanza kisha hali yake. Wenye usonji wengi nao wanataka kuitwa kwa sifa hiyo moja kwa moja, kwa kuwa hawauoni usonji kama mzigo ulio kando ya nafsi zao. Kivumishi -enye hakituingizi katika mvutano huo. Tunasema mwenye nyumba, mwenye busara, mwenye haya, mwenye homa. Kivumishi chenyewe hakisemi kama kinachotajwa ni mali, sifa au maradhi. "Mwenye usonji" ni jina la heshima na linatosha. Wenyewe wakija kuamua kujiita vingine, sisi tuwafuate.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya hoja. Nusu ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu mtu anaweza kusahihisha msamiati wake wote, akajifunza kusema "si ugonjwa, si ugonjwa", kisha akasahau kwamba mwenye usonji ni binadamu, na binadamu huugua. Uchanganuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Psychiatry ulikadiria kwamba takribani watu 20 kati ya kila 100 wenye usonji wana tatizo la wasiwasi linalohitaji kutibiwa, na 11 kati ya kila 100 wana sonona. Huko Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wenye usonji hufa mapema kuliko wenzao, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wale ambao hawana ulemavu wa akili. Haya ni maradhi yanayoweza kushughulikiwa. Ushauri nasaha uliorekebishwa umfae mhusika, dawa zinazosimamiwa na daktari, usingizi wa kutosha na mazingira yasiyo na kelele husaidia.

Mbona basi hatuyaoni maradhi haya? Kwa sababu neno usonji limegeuka kuwa kapu la kutupia kila kitu. Mtoto akiacha kula, tunasema ni usonji. Akijigonga kichwa ukutani, usonji. Akikataa kwenda shuleni, usonji. Huenda ana jino linalomuuma. Huenda kuna mwanafunzi anayemchokoza chooni. Huenda nyanya yake aliyemlea amefariki, na hakuna aliyemweleza jambo hilo waziwazi.

Hapa kwenye kifo hebu tukae kidogo, maana lugha yetu ni hodari sana wa tasfida. Marehemu kwetu "amelala", "ametuacha", "amesafiri", "ametangulia mbele ya haki". Tasfida hizi hutufariji sisi tunaoijua siri yake. Lakini wenye usonji wengi huyachukua maneno kama yalivyo. Aliyeambiwa nyanya amelala anaweza kuanza kuogopa kitanda. Aliyeambiwa amesafiri humngoja langoni. Aliyeambiwa ametuacha hujiuliza ni nani aliyemkosea. Kisha hofu hiyo inapotokea kwa kelele na kwa kujigaragaza, tunaiandika katika daftari la usonji, ilhali ni matanga ambayo mtoto hakualikwa.

Kuna riwaya moja inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko ripoti nyingi, nayo ni The Curious Incident of the Dog in the Night-Time ya Mwingereza Mark Haddon, iliyotoka mwaka 2003. Msimulizi wake, Christopher, ni mvulana wa miaka 15 anayeishi Swindon na baba yake. Haddon hakuipa jina hali ya kijana huyu ndani ya masimulizi, ingawa wasomaji wengi humsoma kama mwenye usonji. Christopher hapendi sitiari kwa kuwa anaziona kama uongo. Watu na kelele vinapomzidi, huugua. Ndiyo, huugua kwa ile maana yetu ya pili. Hujikunyata na kupiga kite mpaka dunia itulie.

Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama orodha ya dalili. Lakini ufuate msuko wake. Baba alimwambia Christopher kwamba mama yake alikufa kwa maradhi ya moyo. Kumbe mama yu hai, yuko London, na barua alizokuwa akimwandikia mwanawe zimefichwa chumbani mwa baba. Siku anapozisoma, kijana anatapika na kulala akiwa hana nguvu hata ya kujisafisha. Muda si muda baba anakiri pia kwamba ndiye aliyemuua mbwa wa jirani, na Christopher anatoroka nyumbani akihofia kuwa atafuata yeye. Nawauliza wasomaji, je, kutapika kule ni usonji? Ni mtoto gani angezisoma barua zile asiugue? Ufundi wa Haddon ni kwamba anatulazimisha kuona jeraha pale tulipozoea kuona dalili. Kijana ameumizwa na uongo.

Hata hivyo, nina lawama moja kwa mwandishi. Mwishoni, Christopher anafaulu mtihani wa hisabati kwa alama ya juu kabisa, naye anahitimisha kwamba sasa anaweza kufanya chochote. Msomaji anaifunga riwaya akitabasamu. Lakini ushindi huo unalifunika jeraha upesi mno, na unaendeleza ile dhana kwamba mwenye usonji ni mahiri wa hesabu na kwamba umahiri huo humlipa fidia ya mateso yake. Wenye usonji wengi si mahiri wa hesabu, kama vile wengi wetu tusivyokuwa mahiri. Na wale walio mahiri bado wanaweza kukosa usingizi wiki nzima. Alama ya A haitibu sonona.

Turudi kwetu. Tatizo jingine liko katika namna tunavyoulizana hali. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa akili Peter Sifneos alibuni kutokana na Kigiriki istilahi yenye maana ya kukosa maneno ya hisia. Tafiti zimeonyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye usonji wana ugumu huu. Tahadhari, si kwamba hawana hisia. Wanazo, tena pengine kali, ila kuzitambua na kuzipa jina ndiko kugumu. Mtu wa namna hii akiulizwa, "Unajisikiaje?" anaweza kunyamaza, na kimya chake kikachukuliwa kuwa ni salama.

Sasa tazama salamu zetu. "Hujambo?" Yaani, huna jambo? Jibu limekwisha kutayarishwa nalo ni "Sijambo", hata kama una mambo mia. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Mswahili aliyezoea hujibu "nzuri" kwanza, kisha akaongeza "ila mtoto amelazwa". Hiyo "ila" ndiyo inayobeba habari zote, na hakuna kitabu cha sarufi kinachoifundisha. Kuna mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mtu mzima mwenye usonji, ambaye kila nilipomsalimu alisita kidogo kabla ya kujibu. Siku moja nilimuuliza sababu. Akasema, "Profesa, huwa ninalo jambo, lakini jibu sahihi ni sijambo." Alikuwa amefundishwa kanuni ya salamu barabara. Hakuna aliyemfundisha mahali pa kulisema jambo lenyewe.

Kujibu kwa kukariri ni sehemu ya kile ambacho wataalamu hukieleza kama kuvaa barakoa. Mtu huiga nyuso, sauti na mizaha ya wenzake, huzuia mikono yake isipepee, huvumilia muziki wa matatu kana kwamba haumuumizi, kisha hufika nyumbani akiwa amekwisha kabisa. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 uliihusisha tabia hii ya kujificha na fikra za kujiua. Huku kwetu barakoa hiyo huitwa adabu. Mtoto aliyenyamaza darasani siku nzima husifiwa kwamba ni mtulivu. Mara nyingi msichana ndiye husifiwa hivyo, na ndiyo maana huchelewa kutambuliwa.

Pamoja na hayo, Kiswahili si maskini wa lugha ya hisia. Aliyesoma Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi anajua jinsi lugha hii inavyoweza kuichimba nafsi iliyochoka ya Kazimoto. Watu wa kawaida nao husema "anafikiria sana" wakimaanisha mtu aliyelemewa na huzuni, na msemo huo una maana nzito kuliko istilahi nyingi za kamusi. Tena hisia zetu hukaa mwilini. Moyo huenda mbio, kifua hubana, tumbo huvurugika, mwili husisimka. Hapa pana mlango mzuri. Anayeshindwa kujibu "Una huzuni?" huenda akaweza kujibu "Kifua kinakubana?" au "Jana ulilala saa ngapi?" au "Kelele za darasani zinakuumiza masikio?" Maswali haya yana majibu. Asiyezungumza anaweza kuonyesha kwa kidole kwenye picha ya mwili, au kwenye kadi zenye rangi, au kwenye simu. Katiba yetu, katika Kifungu cha 7, inaitaka Serikali kuendeleza njia za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Kadi hizo basi si hisani.

Napendekeza mambo machache. Wahariri wafute "anaugua usonji" na "mwathiriwa wa usonji", waandike "ana usonji". Wakati huohuo, mwenye usonji akiwa na sonona, waitaje sonona kwa jina lake. Walimu wa Kiswahili wasiwanyime wanafunzi hawa nahau na methali, maana nazo ni mali yao, lakini wazifafanue waziwazi badala ya kucheka mtoto anapouliza moyo ulivunjika vipande vingapi. Wazazi na jamaa wakitaje kifo kwa jina lake, kwa upole. Wahudumu wa afya, kabla ya kuandika usonji kuwa sababu ya kila tabia, waulize swali moja: "Mabadiliko haya yalianza lini?" Usonji hauanzi Jumanne iliyopita. Mtoto aliyekuwa akila vizuri hadi juma lililopita na sasa hali, ana jambo jipya, na jambo hilo lina chanzo.

Sisi wanaisimu nasi tuna kazi. Dodoso nyingi za kupima wasiwasi na huzuni huandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha zikatafsiriwa. Tafsiri hizo zisifanywe bila wenye usonji wenyewe kuketi mezani, watuambie ni neno gani wanalielewa, ni lipi linawachanganya, na ni lipi linawaumiza. Wapo wanaozungumza, wapo wanaoandika, wapo wanaoonyesha kwa picha. Kazi yetu ni kuuliza kwa lugha iliyo wazi, kisha kungoja jibu hata kama linachelewa.